AFCON inakuja nyumbani: Mtoto akiuliza kuhusu kitambaa cha rangi, umjibu nini?

Watoto wa Mbeya na Iringa hawasubiri mzazi awafundishe mpira. Jumamosi jioni vibanda umiza vinajaa, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafiati, na kule Iringa kuanzia Mashine Tatu hadi Ipogolo. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal na wachezaji wa akiba juu yake. Macho kama hayo hayakosi kitu. Kwa miaka kadhaa, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, manahodha wa Ligi Kuu ya Uingereza walikuwa wakiingia uwanjani na kitambaa chenye rangi za upinde wa mvua, na swali likaja mezani wakati wa chakula cha usiku: "Baba, kile kitambaa ni cha nini?"

Wazazi wengi hujibu kwa kubadilisha chaneli. Wengine husema, "Kula ugali wako," na mtoto akaenda kuuliza kwa wenzake, au kwenye simu.

Swali hilo sasa linasogea karibu zaidi. Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilitangaza jijini Cairo kwamba fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zitaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ni mara ya kwanza nchi tatu kuandaa fainali hizo, na ni mara ya kwanza zinarudi ukanda huu tangu Ethiopia ilipoziandaa mwaka 1976. Watu walishangilia hadi usiku, na haki yao walikuwa nayo.

Lakini miezi minne tu kabla ya tangazo hilo, Mei 26, 2023, Rais Yoweri Museveni alikuwa ametia saini sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, moja ya sheria kali zaidi duniani. Inatoa kifungo cha maisha, na kwa makosa yaliyopewa uzito zaidi inatoa adhabu ya kifo. Agosti mwaka huohuo Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo mipya kwa Uganda. Marekani nayo ikaiondoa Uganda kwenye mpango wa AGOA kuanzia Januari 2024. Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba jijini Kampala iliibakiza sehemu kubwa ya sheria hiyo na kufuta vifungu vichache, kikiwamo kile kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao. Benki ya Dunia ilitangaza kurudi mwaka 2025.

Katika mvutano wote huo, CAF haikuyumba. Mashindano yalipewa waandaaji kwa viwanja, barabara, hoteli na ahadi za serikali, siyo kwa sheria za jinai. Atakayewaambia wazazi kwamba wenyeji watanyang'anywa AFCON kwa sababu ya jambo hili hana ushahidi mkononi. Mzozo utakuwapo, maana penye kamera za dunia hufuata na hoja za dunia. Ila utaonekana zaidi kwenye kitambaa cha mkononi, kwenye bango la shabiki na kwenye maneno ya mchambuzi wa televisheni. Yaani utaonekana sebuleni.

Qatar walipita hapo hapo

Anayetaka kujua mambo yatakavyokwenda aangalie Kombe la Dunia la Qatar, Novemba na Desemba 2022. Sheria za Qatar zinakataza mapenzi ya jinsia moja, na wenyeji walisema mapema kwamba kila mgeni anakaribishwa ila aheshimu utamaduni wa nchi. Mataifa saba ya Ulaya, yakiwamo Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Denmark, yakasema manahodha wao watavaa kitambaa kilichoitwa OneLove. Kilikuwa na rangi nyingi na alama ya moyo.

Novemba 21, saa chache kabla Uingereza haijacheza na Iran, FIFA ikasema atakayevaa ataanza mechi na kadi ya njano. Mataifa yote saba yakavivua. Siku mbili baadaye wachezaji wa Ujerumani wakapiga picha ya timu huku wamejiziba midomo kwa mikono, kisha wakafungwa na Japan mabao 2-1. Mashabiki wengi wa Afrika na Uarabuni waliicheka picha ile kwa wiki nzima. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ujerumani, Nancy Faeser, alikaa jukwaani na kitambaa chenyewe mkononi, pembeni ya Rais wa FIFA, Gianni Infantino, na mechi ikaendelea.

Nje ya uwanja mambo yalikuwa madogo na yenye kuudhi. Laura McAllister, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya wanawake ya Wales, alivuliwa kofia yake ya rangi getini. Mwandishi wa Marekani, Grant Wahl, alizuiwa kwa muda kwa sababu ya fulana yenye upinde wa mvua, kisha akaombwa radhi na kuruhusiwa kuingia. Wenyeji walikuwa wameahidi kwamba vitu hivyo vitaruhusiwa, lakini mlinzi wa getini hakuwa ameambiwa, au aliambiwa na hakuelewa. Hapo ndipo waandaaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kutazama, maana viongozi wakubwa huzungumza na FIFA na CAF, ila anayekutana na mgeni ni kijana aliyeajiriwa wiki mbili zilizopita na kupewa fulana ya njano.

Mfano mpya zaidi ni wa upande wa pili. Katika Kombe la Dunia la 2026, kamati ya mji wa Seattle nchini Marekani ilikuwa imepanga kuifanya mechi ya Juni 26 kuwa ya kusherehekea watu wa mapenzi ya jinsia moja, kwa kuwa tarehe hiyo iliangukia wikiendi yao ya maadhimisho mjini humo. Mpango uliwekwa kabla timu hazijajulikana. Desemba 2025 droo ikachezeshwa, na mechi ikaangukia Misri na Iran. Mashirikisho yote mawili yalipinga. Ukitafuta kisa cha kumweleza kijana wa kidato cha pili kwamba dunia haina sauti moja juu ya jambo hili, na kwamba mwenyeji naye ana mila zake na mgeni ana zake, hicho kinatosha.

Wachezaji waliokataa, na yaliyowapata

Watoto huuliza pia, "Lazima wavae?" Jibu ni kwamba wako waliokataa, na hawakutendewa sawa.

Mei 2022, Idrissa Gana Gueye wa Senegal hakucheza mechi ya PSG dhidi ya Montpellier, siku ambayo wachezaji walivaa namba za rangi za upinde wa mvua mgongoni. Shirikisho la Ufaransa lilimwandikia barua kumtaka aeleze. Rais wa Senegal wakati huo, Macky Sall, alijitokeza hadharani kumuunga mkono. Mei 2024, Mohamed Camara wa Mali, akiichezea Monaco, alifunika kwa utepe nembo ya kampeni hiyo kwenye jezi yake. Ligi ya Ufaransa ilimfungia mechi nne.

Uingereza ilikwenda taratibu zaidi. Mwishoni mwa 2024 nahodha wa Ipswich, Sam Morsy, ambaye ni Mwislamu, hakuvaa kitambaa cha rangi kwa sababu ya imani yake. Nahodha wa Crystal Palace, Marc Guéhi, ambaye ni Mkristo, alikivaa lakini akaandika juu yake maneno ya kumtaja Yesu. Wote wawili hawakufungiwa. Mwaka 2025 Ligi Kuu ya Uingereza iliachana na taasisi ya Stonewall, iliyokuwa ikishirikiana nayo katika kampeni ile, na ikasema itakuwa na utaratibu wake.

Visa hivi vinamfaa mzazi kuliko hotuba. Mtoto wa Kihehe anayesali Kilutheri, na mwenzake wa Mafiati anayekwenda madrasa, wanaona kwamba mchezaji mkubwa anaweza kusema "hapana" kwa utulivu, bila kumtukana mtu, na akaendelea kupokea pasi kutoka kwa mwenzake aliyevaa. Guéhi na wachezaji wenzake waliendelea kukumbatiana bao lilipoingia.

Hapa kwetu sheria inasema nini

Baadhi ya wazazi hawaijui sheria yenyewe, wanajua tu kwamba jambo hili "haliruhusiwi". Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Zanzibar ina sheria yake. Kenya adhabu ni hadi miaka 14, na Mei 24, 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Kwa hiyo wenyeji wote watatu wa AFCON wana sheria za namna hiyo, ingawa Uganda ndiyo inayotajwa zaidi.

Sheria hizo hazikuandikwa na mababu wa Kihehe wala wa Kinyakyusa. Maneno yake ya msingi, yale ya "kinyume cha maumbile", yaliletwa na Waingereza wakati wa ukoloni, wakayapeleka hivyohivyo India, Kenya, Uganda na kwingineko. Waingereza wenyewe walianza kuyafuta kwao mwaka 1967. Si hoja ya kumshinda mtu, ila ni vizuri kijana anayesoma historia aijue.

Na si mara ya kwanza Tanzania kuandaa mashindano huku mzozo huu ukiwa hewani. Mwishoni mwa Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, siyo msimamo wa Serikali. Umoja wa Ulaya ulikuwa umemwita balozi wake nyumbani, na Denmark ikazuia msaada wa kroner milioni 65. Miezi mitano baadaye, Aprili 2019, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilichezwa Dar es Salaam kuanzia tarehe 14 hadi 28. Serengeti Boys walianza kwa kufungwa na Nigeria mabao 5-4 katika mechi ambayo walioiona bado wanaisimulia. Cameroon ilichukua kombe kwa penalti dhidi ya Guinea. Mzozo wa Novemba haukugusa ratiba.

Wageni watakaopita barabara ya Tanzam

Mbeya na Iringa hazitakuwa na mechi za AFCON. Viwanja vinavyotajwa kwa upande wa Tanzania ni Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uwanja mpya wa Arusha na Amaan wa Zanzibar. Uwanja wa Sokoine utaendelea na Mbeya City na Prisons, na Samora wa Iringa na timu zake. Lakini mashabiki wa Zambia wakifuata timu yao Dar es Salaam kwa basi wataingilia Tunduma, na wa Malawi wataingilia Kasumulu. Watalala Mbeya, au watakula Iringa njiani. Wachache wenye fedha watageuza kwenda Hifadhi ya Ruaha.

Hao ndio wageni wengi wa AFCON, na wanatoka nchi zenye sheria zinazofanana na za hapa. Picha ya ndege zilizojaa Wazungu wenye bendera, inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa shule, haifanani na mashabiki wanaoonekana kwenye AFCON yoyote iliyokwisha kuchezwa.

Vikwazo vya kweli vitakuwa vidogo. Gesti nyingi za mikoani zina tangazo ukutani kwamba wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Shabiki wa Ndola aliyechangishana nauli na kaka yake hataelewa. Madereva wa malori wameshazoea, hulipia vyumba viwili au hulala kwenye gari. Kama mzazi ana gesti Mwanjelwa au Miyomboni, hilo ni la kufikiria mapema kuliko bendera.

Upande wa pili, mgeni kutoka Ulaya akiwaona vijana wawili wa kiume wakitembea Uhindini wameshikana mikono, anaweza kufikiri kitu ambacho vijana wale hawajawahi hata kukiota. Hapa kushikana mikono ni urafiki tu, na tangu enzi wazee wamezungumza hivyo njiani. Inasikitisha kwamba baadhi ya vijana wa mjini wameanza kuiacha desturi hiyo kwa kuogopa kuchekwa.

Hata neno lenyewe limehama. Mwanamke wa pwani bado humwita rafiki yake "shoga", na "shoga yangu" ni neno la upendo. Msichana wa Iringa leo akiitwa hivyo na shangazi yake wa Tanga hutazama pembeni kuona nani amesikia. Upinde wa mvua nao umepatwa na mkasa huohuo. Wapo wazazi waliokataa begi la shule kwa sababu ya rangi zake. Bendera inayobishaniwa ilibuniwa na Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978, na ile inayotumika sasa ina rangi sita. Upinde unaotokea juu ya mlima Loleza mvua ya Machi ikikatika watoto hufundishwa una rangi saba, na katika kitabu cha Mwanzo ni agano la Mungu na Nuhu. Mtoto wa chekechea aliyechora upinde amechora mvua. Aachwe achore.

Serikali nayo imekuwa ikiangalia vinavyowafikia watoto. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Shule zilivitoa maktaba. Kitabu kinatolewa rafuni kwa siku moja, ila mechi ya moja kwa moja kutoka Doha au London hakuna anayeitoa. Kwa hiyo jibu la mzazi linabaki kuwa ndilo la kwanza na la mwisho.

Jibu lenyewe

Wazazi wanaojibu vizuri hawajibu kwa urefu. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa yanatosha maneno kama haya: "Mwanangu, wapo watu wazima wanaopenda watu wa jinsia yao. Nchi nyingine sheria inawaruhusu, hapa kwetu hairuhusu. Wachezaji wamevaa kile kitambaa kusema watu hao wasitukanwe wala kupigwa uwanjani." Baada ya hapo mzazi anaongeza imani ya nyumba yake, kwa kuwa hiyo ni haki yake na mtoto anaihitaji. Halafu anaongeza jambo moja ambalo nyumba nyingi hulisahau: kwamba hata kama jambo haliruhusiwi, hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kumpiga mwenzake mawe.

Kijana wa miaka kumi na minne atataka zaidi. Atauliza kwa nini Afrika Kusini inaruhusu. Ni kweli inaruhusu. Katiba yake ya 1996 inakataza ubaguzi wa aina hiyo, ndoa hizo ni halali tangu mwaka 2006, na ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kuandaa fainali za Kombe la Dunia la wanaume, mwaka 2010. Lakini miaka miwili kabla ya fainali hizo, Aprili 28, 2008, Eudy Simelane, kiungo aliyewahi kuichezea Banyana Banyana na ambaye hakuficha kwamba alipenda wanawake, alibakwa na kuuawa kwa visu katika mtaa wake wa KwaThema. Sheria nzuri ilikuwapo kwenye karatasi, na mto uliokutwa mwili wake haukuwa mbali na nyumbani kwao.

Kisa cha Simelane kinawahusu moja kwa moja wazazi wenye mabinti. Msichana wa Uyole au Kihesa anayecheza mpira vizuri kwenye UMITASHUMTA huitwa "jikedume" kabla hajafika darasa la saba. Mara nyingi anayeanza kumwita hivyo ni ndugu. Mwenye kipaji huacha. Clara Luvanga hakuacha. Mshambuliaji huyo wa Twiga Stars alisajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023, nchi ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa ulegevu katika mambo haya, na huko wanamlipa kwa kufunga mabao. Saudi Arabia hiyohiyo imepewa Kombe la Dunia la 2034, kwa hiyo maswali ya kitambaa yatarudi mtoto wa leo akiwa na familia yake.

Yaliyochanganywa

Lipo jambo zito kuliko kitambaa. Katika mazungumzo ya mtaani, na wakati mwingine hata kwenye mimbari, mapenzi ya jinsia moja ya watu wazima na ulawiti wa watoto huzungumzwa kama kitu kimoja. Habari ya mtoto wa kiume aliyelawitiwa inaposikika redioni, watu husema "ushoga umeingia". Mtoto yule hakuingiwa na kitu. Ametendewa uhalifu, kama msichana aliyebakwa, na mara nyingi na mtu anayemfahamu: jirani, ndugu, mwalimu, kijana wa kazi, au mtu anayempa lifti ya bodaboda.

Kuchanganya huko kunawagharimu watoto wa kiume. Kijana aliyefanyiwa hivyo anajua neno litakalomfuata akisema. Anajua wenzake watamwita nini, na amemsikia baba yake akisema angemfanya nini mtoto wa namna hiyo. Kwa hiyo ananyamaza. Aliyemfanyia anajua kwamba atanyamaza, na huo ndio ulinzi wake. Kila sauti inayopandishwa nyumbani dhidi ya "mashoga", bila kutofautisha, inamhakikishia mhalifu kwamba hatatajwa.

Na mpira una nafasi yake hapa. AFCON ikikaribia, watu wataanzisha akademi. Wapo watakaokuja Mbeya na Iringa wakitafuta vipaji, wakiahidi majaribio Dar es Salaam, kambi na hata safari ya nje. Wengi ni watu wema wenye mapenzi na mchezo, ila si wote. Desemba 2021 nchini Gabon, Patrick Assoumou Eyi, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 kwa miaka mingi, alikamatwa kwa tuhuma za kuwadhulumu kingono wavulana aliowafundisha. Nchi ilitikisika. Alikuwa mtu aliyeaminiwa na wazazi wengi, kwa sababu kupita kwake ndiko mtoto alikofika timu ya taifa.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini fomu ya akademi, mzazi aulize watoto watalala wapi, na wangapi chumba kimoja. Aulize kama kocha analala humo humo, kama yupo mlezi mwingine mtu mzima, na kama mtoto ataruhusiwa kuwa na simu au kumpigia mzazi siku yoyote. Aende aone. Kocha mwaminifu hachukii maswali hayo. Anayechukia, au anayesema mtoto asiambie nyumbani yanayotokea kambini, begi la mtoto lirudi naye siku hiyohiyo.

Mtoto akisema ametendewa, asiogeshwe kwanza na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa mapema. Katika mikoa hii hilo si jambo la kupuuza. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha vituo 40 kutoa huduma za UKIMWI kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, na mjadala ule uliwaacha watu wengine wakiogopa hata kuulizia huduma zinazotolewa kwa kila mtu. Kwa mtoto aliyedhulumiwa hakuna sababu ya kuogopa. Daktari hatamwuliza yeye ni nani, atamtibu.

Madawati ya Jinsia na Watoto ya polisi yapo Mbeya na Iringa, na askari wake wamefunzwa kumsikiliza mtoto bila kumfokea. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikwe kwenye daftari lake, ndani ya jalada, kabla hajapanda basi la kwenda kambini.